Mtutu mrefu haupigi kumi wenyewe: niliyojifunza na bastola za shabaha hapa Dodoma

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Ipagala alinifata karakana, mimi nakereza vyuma hapa Kizota, shikamoo kaka, marahaba, hata kukaa hajakaa vizuri ameshauliza, "kaka nimeanza kufatilia kibali cha bastola ya shabaha, sasa ninunue ya mtutu inchi ngapi ndo nipige kumi, lile duara la katikati?" Nikazima mashine kabisa. Swali hilo hilo ndo nililoanza nalo mimi miaka tisa iliyopita, na lilinila hela na karibu miaka miwili ya kulaumu vitu ambavyo havina kosa.

La kibali nalisema mara moja tu. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, bila leseni huna ruhusa ya kushika hiyo kitu, unapitia polisi na unasubiri, na ukishaipata inalala kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Kama hilo linakuchosha basi huu mchezo sio wako, na nasema kwa moyo mweupe.

Sasa mtutu.

Bastola yangu ya kwanza ilikuwa pointi 22, yani ya risasi ndogo, nyembamba, mkononi mwa mtu, semi otomatiki, mtutu mnene kama bomba la maji, karibu inchi saba. Aliyeniuzia akaniambia kaka huu ni mtutu wa mashindano, na mimi kwa vile ni mtu wa vyuma nikauangalia nikaona chuma kingi nikaamini. Nikaenda nayo uwanjani, mita 25, nikaiegemeza kwenye mfuko wa mchanga ili mkono wangu usiingie kwenye hesabu, nikapiga risasi kumi. Matundu yalitawanyika upana wa kisosi cha chai. Na kwenye karatasi ya mashindano ya kimataifa ya mita 25, ile ya kupiga taratibu, duara la kumi lina kipenyo cha milimita 50, weusi wote ni milimita 200. Yani hapo bastola imetulia kwenye mchanga na bado inazunguka weusi mzima, je nikiinyoosha kwa mkono mmoja itakuwaje?

Kulikuwa na afande mmoja mstaafu, mzee wa watu, akaniangalia akasema "kijana njoo upige na hii yangu." Yake ilikuwa ya zamani, nyembamba, mtutu inchi tano na nusu. Mfuko ule ule, umbali ule ule. Matundu kumi yote ungeyafunika kwa kikombe cha kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa wa barazani. Nikamuuliza afande kwani hii ina nini, akasema swali lako sio ina nini, swali ni mtutu umeshikiliwaje na saiti, vile vya kulengea vya mbele na nyuma, zimekaa juu ya nini.

Hiyo sentensi nimeitembelea mpaka leo na ndo nataka uielewe vizuri, hapa sitakimbia.

Bastola nyingi kubwa unazoziona, za milimita 9 na pointi 45, mtutu wake haujatulia. Mmarekani John Browning ndo aliyeweka msingi wa huo mtindo, ukichukua ile bastola yake M1911 mtutu umeshikwa kwa chini na kiungo kidogo, ukifyatua slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, na mtutu vinarudi nyuma pamoja vimefungana, kisha mtutu unashuka kwa nyuma, vinaachana, ganda linatoka. Browning Hi-Power ya 1935 ikaondoa kile kiungo ikaweka mkato wa chuma chini ya mtutu unaofanya kazi ile ile, na CZ 75 na Glock zinatembea kwenye wazo hilo hilo. Sababu ni ya maana kabisa, risasi ya nguvu inataka chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ibaki imefungwa mpaka risasi itoke na presha ishuke, la sivyo ganda lingetoka na presha ikiwa bado iko juu.

Lakini kitu kinachocheza kinahitaji nafasi ya kuchezea. Yeyote aliyewahi kukereza shafti na bushi anajua, ukibana sana inakwama ukiachia sana inatikisika. Bastola ya jeshi inaachiwa kidogo makusudi ili vumbi na matope visiisimamishe. Kwenye shabaha ile nafasi inakudai kila risasi, kwa sababu mtutu lazima urudi pale pale ulipokuwa. Piga hesabu mwenyewe, mtutu wa M1911 ni inchi tano, milimita 127, ukirudi na ncha moja imekosea sehemu moja ya kumi ya milimita tu, unene wa karatasi, kule mita 25 umeshahama kama milimita 20. Ndo maana M1911 za mashindano fundi anakaa nazo, anabana ile bushi ya mbele na ile sehemu ya kufungia nyuma kwa mkono mpaka vinakaa kama kizibo, na zinapiga vizuri mno, ila hiyo kazi unailipia.

Kuna zingine, Beretta 92 kwa mfano, ambayo ilichukua wazo la Walther P38, mtutu unarudi nyuma umenyooka bila kuinama, kinachoshuka ni kipande cha kufungia kilicho chini yake. Bado unatembea lakini.

Sasa pointi 22 presha yake ni ndogo, haihitaji kufunga chochote, uzito wa slaidi na springi vinatosha kuizuia. Kwa hiyo mtutu unaweza kukazwa kwenye fremu usisogee hata kidogo. Bill Ruger alipotoa bastola yake ya kwanza 1949 mtutu ulikuwa umekazwa kwa nyuzi kwenye bomba la juu na kinachorudi nyuma ni boliti ndani ya lile bomba, saiti ya mbele iko kwenye mtutu na ya nyuma iko juu ya bomba, zote kwenye chuma kisichotembea. Smith & Wesson Model 41 ya 1957 ina slaidi inayotembea ila saiti ya nyuma wameiweka kwenye mkono unaotoka kwenye mtutu wenyewe na kupita juu ya slaidi. Browning Buck Mark ya 1985 nayo mtutu umefungwa kwenye fremu. Halafu ndo unakuja kwa Pardini ya Italia na Walther GSP ya Ujerumani, hizo magazini imewekwa mbele ya triga, uzito unakaa mbele ya mkono na mshiko unachongwa kufata kiganja chako.

Angalia hapa watu wanapoteleza. Mtutu kutotembea sio habari yote. Makarov mtutu wake umegandishwa kwenye fremu kabisa, ila saiti zote mbili ziko kwenye slaidi, na slaidi ina mchezo wake, kwa hiyo unachokiangalia sicho kinachotoa risasi. Kwahiyo ukishika bastola ya shabaha jiulize saiti ya mbele, saiti ya nyuma na mtutu ni kitu kimoja au ni majirani tu. Mimi nashika saiti ya nyuma kwa vidole viwili naitikisa kidogo taratibu, bastola ikiwa tupu, magazini imetolewa na chemba nimeshaiangalia mara mbili.

Urefu sasa, maana ndo ulikuwa swali. Mtutu mrefu unaongeza mwendo wa risasi kidogo, haunyooshi risasi. Mitutu ya pointi 22 kwa kawaida mifereji ya ndani inazungusha risasi mara moja kwa kila inchi 16, maana yake kwenye mtutu wa inchi tano na nusu risasi inatoka imezunguka theluthi moja tu ya duara, na inatosha kabisa, kwa sababu kinachoituliza hewani ni kasi ya kuzunguka inayotoka nayo na sio imezunguka mara ngapi mle ndani. Anayesaidiwa na urefu ni jicho lako. Saiti zikiwa zimeachana milimita 150, ukikosea kupanga kwa sehemu moja ya kumi ya milimita unahama karibu milimita 17 kule mita 25, zikiachana milimita 220 kosa lile lile linakuhamisha milimita 11 na kidogo. Ndo faida yenyewe, na ni faida kweli. Ila ukitaka kushindana kwa sheria za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, mtutu mwisho milimita 153 na saiti mwisho milimita 220, kwa hiyo ile yangu ndefu hata mlangoni isingepita, na aliyeniuzia aliita ya mashindano.

Unene nao. Kwenye mtutu mfupi wa bastola unene kazi yake kubwa ni uzito, pua hairuki sana na mkono unatulia. Lakini huu mchezo unasimama unanyoosha mkono mmoja, risasi 30 za taratibu na 30 za haraka, na uzito wote usizidi gramu 1400. Binamu yangu wa Mpwapwa ana leseni yake, ni dada mwembamba, alikuwa anapiga na mtutu mnene kwa sababu mimi ndo nilimshauri, na kila akifika risasi ya ishirini matundu yanaanza kushuka chini. Alipobadilisha akachukua wenye bomba jembamba la chuma ndani na alumini nje matundu yakaacha kushuka. Ushauri wangu ulikuwa mbaya na nilimwambia hivyo. Tangu hapo mtu akiniuliza unene namwambia nyoosha mkono na chupa ya maji ya lita moja dakika mbili halafu tuongee.

Turudi kwenye kile kisosi changu. Afande alichukua lenzi akaangalia mdomo wa mtutu, akanipa na mimi. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa anaisafisha kwa kuingiza fimbo ya chuma kwa mbele, miaka na miaka, mpaka upande mmoja wa mdomo umekwanguka. Mdomo ndo sehemu ya mwisho kugusa risasi, ukiwa hauko sawa gesi inatoka upande mmoja kwanza inasukuma kitako cha risasi, risasi inayumba ndo kwanza inaanza safari. Mtutu mzima ulikuwa salama, shida ni mwisho wake tu! Nina mashine ya kukereza karakana na mkono uliniwasha, lakini kugusa silaha bila leseni ya ufundi wa silaha ni kosa na pia ni hatari, nikaipeleka kwa fundi mwenye leseni. Iliporudi kisosi kikawa milimita 60.

Na hapo bado nilikuwa napiga risasi za boksi lolote lililopatikana. Nikachukua aina tatu, kumi kumi, siku moja, mfuko ule ule. Ya kwanza milimita 60, ya pili 45, ya tatu, iliyokuwa ghali kuliko zote, 90. Bastola moja, mtutu mmoja! Pointi 22 ina chaguo lake la chakula na hamna anayeweza kukuambia kabla hujaionjesha, ukipata inachokipenda nunua boksi za toleo moja nyingi kadri leseni inavyoruhusu.

Kusafisha, safisha ukitokea nyuma, upande wa chemba. Hapa ndo napenda Ruger Mark IV ya 2016, unabonyeza kitufe kimoja inakunjuka mtutu unabaki wazi nyuma, zile za kabla yake kuzifungua ni shughuli ndo maana watu walikuwa wanapitisha fimbo mbele. Na kwa sisi wa huku, kuanzia Agosti upepo unavyoanza kuleta lile vumbi jekundu usipake oili nyingi, oili na vumbi la Dodoma vikikutana ni dawa ya kusagia vyuma, mimi nafuta mpaka kikavu na kuacha utando tu kwenye reli. Upepo wenyewe kwa mita 25 hauisogezi risasi kama watu wanavyodhani, unausogeza mkono wako, subiri upite.

Yule mdogo wangu nilimwambia kabla ya kuuliza inchi, aulize kama atapewa nafasi ya kuipiga kwenye mfuko wa mchanga mbele ya muuzaji kibali kikitoka, na aende na lenzi. Jumamosi anakuja uwanjani kuangalia tu, kugusa bado hana ruhusa. Nimemwambia aje na daftari, nitapiga na ile yangu na ya afande, yeye apime matundu kwa rula aandike.