"Bure, ila si kwa biashara": hiyo si programu huru

Dadangu wa Kondele, umeuliza kama ile programu ya kuhesabu stoo, ambayo leseni yake inasema "bure, ila si kwa biashara", ni programu huru, maana unataka kuiweka kwenye kompyuta ya duka lako. Hapana. Tena kwako wewe mwenye duka, hata bure yenyewe si bure.

Neno bure ndilo linalotuponza. Unaweza kuchota kwa jirani miaka yote bila kulipa, lakini lango ni lake. Programu huru ni haki, si bei. Free Software Foundation, shirika aliloanzisha Richard Stallman mwaka 1985, linahesabu uhuru 4: kuitumia kwa shughuli yoyote, kusoma msimbo wake (yale maandishi yaliyoiunda) na kuubadilisha, kugawa nakala, na kugawa hata uliyoirekebisha. Yako imeanguka tayari kwenye huo wa kwanza.

Leseni ya JSON, muundo wa kuandikia data, nayo ilikataliwa na shirika hilo kwa mstari mmoja: itumike kwa mema, si kwa maovu. Nani atapinga mema? Lakini ni sharti la matumizi, basi.

Kuuza hakuna shida. GPL, leseni mojawapo ya programu huru, inakuruhusu kuuza nakala kwa bei yoyote, mradi mnunuzi aweze kupata msimbo.

Fungua faili la leseni lenyewe, usiamini tangazo la tovuti. Ukikuta GPL, au leseni nyingine huru kama MIT au Apache 2.0, shuka hadi mstari wa mwisho. Wapo wanaobandika sharti lao chini ya MIT, na hapo uhuru umekwisha.