Kabla hujanunua seva, uliza leseni inahesabu nini

Ukiingia kazi hii ya kuendesha klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, utafundishwa nyaya, diski, mitandao, na namna ya kuhamisha mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoishi ndani ya seva) kutoka seva moja hadi nyingine bila mtumiaji kushtuka. Leseni za programu hakuna atakayekufundisha. Utatumiwa mkataba mrefu na kuambiwa, "Soma hapo." Mimi sikusoma.

Wakati huo nilikuwa kwenye kampuni moja ya makontena, upande wa Changamwe, Mombasa. Tulikuwa na seva tatu, kila moja na prosesa mbili, kila prosesa na kora 16, yaani vitengo vya kuchakata vilivyo ndani yake. Juu yake zilikimbia mashine pepe zipatazo thelathini, na mojawapo ilibeba hifadhidata ya kulipia ambayo ikilala, lori halitoki getini. Mashine hiyo niliipa kora 4, nikanunua leseni ya kora 4. Nikajiona mjanja.

Mwaka wa pili ikaja barua ya ukaguzi, na nyuma yake kijana mpole, shati la mikono mirefu katika joto lile la Machi. Aliomba nimfungulie skrini ya klasta, akauliza swali moja tu: "Hii mashine inaweza kuhamia seva nyingine?" Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, tena huhama yenyewe seva ikilemewa. Akaandika 96.

Prosesa sita mara kora 16. Mkataba ulihesabu kila kora ambako programu *ingeweza* kukimbia. Ule uhodari wa klasta niliokuwa nikijisifia ndio uliotuponza. Tulijikwamua kwa kuitoa hifadhidata kwenye klasta na kuiweka peke yake kwenye seva ndogo yenye prosesa moja ya kora 8. Bosi hakunifokea, ila kwa miezi kadhaa alikuwa akinipita kwenye ngazi anasema, "Tisini na sita, salama?"

Kwa hiyo, mdogo wangu, jambo la kwanza ni kujua kinachohesabiwa. Fikiria nyumba za kupanga za Majengo. Mwenye nyumba mmoja hutoza kwa chumba, mjae humo mnavyojaa. Mwingine hutoza maji kwa kichwa, mtoto mchanga naye kichwa. Nyumba ni ileile, bili ni mbali kabisa. Programu za klasta ni hivyo: Red Hat huuza mfumo wake wa Linux kwa jozi ya soketi (soketi ni tundu la prosesa moja), Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe, huuza usajili wake kwa soketi, na Windows Server tangu toleo la 2016 huhesabu kora, angalau 8 kwa prosesa na 16 kwa seva. Ukiwa na seva yenye kora 4, utalipia 16.

Na mwenye nyumba anaweza kubadili masharti umo ndani na godoro lako. VMware, nayo ya mashine pepe, kwa miaka mingi ilihesabu prosesa. Mwaka 2020 ikaweka mpaka: prosesa ikizidi kora 32, unaongeza leseni ya pili. Kampuni ya Broadcom ikainunua Novemba 2023, na Desemba hiyohiyo uuzaji wa leseni za kudumu ukasimamishwa. Ukabaki usajili wa kulipia muda, kwa kora, zisizopungua 16 kwa kila prosesa. Piga hesabu ya aliyenunua seva ya prosesa mbili za kora 8 ili abane matumizi: ana kora 16, alihesabiwa 32. Tangu hapo mimi huchagua prosesa baada ya kujua leseni. Kora chache zenye kasi mara nyingi huwa nafuu kuliko kora nyingi za polepole, hata kama seva yenyewe ni ghali zaidi dukani.

Kuhesabu nako kuna mtego wake. Kijana mmoja wa mazoezi nilimtuma ahesabu kora akaniletea 64. Alikuwa ameandika lscpu, amri ya Linux inayoonyesha prosesa, na kuchukua namba ya juu kabisa. Namba ile inajumlisha nyuzi, yaani mikondo ya kazi ndani ya kora, na kila kora ilikuwa na nyuzi mbili. Ilibidi ashuke mistari michache, azidishe soketi kwa kora za kila soketi: 32. Laiti ningeituma namba yake kwa muuzaji, tungelipia mara mbili, na sidhani muuzaji angetukumbusha.

Ziko pia leseni za kuelea, hasa kwenye programu za uhandisi: hesabu ni ya watu walioifungua kwa wakati mmoja. Hizo ni rahisi kuzielewa. Shida yake ni mtu kwenda kula mbaazi na mahamri huku programu yake iko wazi, na wenzake wanne wanangoja.

Sasa utaniuliza, si tutumie za bure? Tutumie, mimi nazitumia. Kubernetes, ya kuendesha programu kwenye klasta, iko chini ya leseni huria ya Apache, Slurm, ya kupanga foleni ya kazi, iko chini ya GPL, huria pia, na Proxmox bila usajili inafanya kazi vizuri, ila hukukumbusha kila ukiingia kwamba hujalipa. Lakini wengi walipanga kukaa na CentOS 8, Linux ya bure, hadi 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba mwisho wake ni Desemba 2021. Waliokuwa na klasta nzima juu yake walihamia Linux nyingine za bure, Rocky au AlmaLinux, kazi ya wikendi nyingi. Siku hizi nikiandika bajeti ya programu ya bure huweka mstari wa siku za kazi za watu, na mhasibu akiuliza namwonyesha hizo wikendi.

Mhasibu huyo utamhitaji kuliko unavyofikiri. Usajili mwingi hutozwa kwa dola na bajeti yetu ni ya shilingi. Mapema 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, kisha ndani ya mwaka uleule ikashuka hadi karibu 130. Kora hazikuongezeka hata moja, bili ikapanda na kushuka. Mwambie tarehe ya kulipia miezi mitatu kabla.

Ndani ya mlango wa kabati la seva nimebandika karatasi moja: jina la seva, soketi, kora, mashine zisizoruhusiwa kuhama, na tarehe ya kila usajili kuisha. Unyevu umeikunja pembe. Kila anayeongeza seva huandika kwa kalamu kabla hajachomeka waya wa umeme, mimi nikiwemo.