Nimeshindwa barazani. Je, naweza kuleta shahidi mpya kwenye rufaa?

SWALI: Shikamoo wakili. Nimeshindwa shauri la shamba la chai katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenyekiti alikaa na wazee wawili wa baraza. Hukumu ina wiki tatu sasa. Yupo babu jirani aliyeshuhudia marehemu baba akikabidhiwa shamba hilo, ila hatukumwita. Nikikata rufaa Mahakama Kuu, Mbeya, nimlete? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya babu, tuhesabu siku. Rufaa ya shauri lililoanzia Baraza la Wilaya hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45 tangu hukumu. Umeshatumia 21, zimebaki 24. Leo hii andika barua ya kuomba nakala za mwenendo (kumbukumbu za yote yaliyosemwa barazani), hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu), igongwe muhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na nakala yako. Siku za kusubiri nakala za hukumu na tuzo zinaweza kuondolewa kwenye hesabu, lakini kwa uthibitisho. Niliwahi kumpokea mzee mmoja siku ya 52, hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba alifuatilia. Ikabidi kwanza tuombe kuongezewa muda, na kila siku aliyochelewa tuitolee maelezo.

Sasa babu. Kwa kawaida, hapana. Jaji wa rufaa husoma yaliyosemwa barazani, kisha husikiliza hoja. Sheria ya Mwenendo wa Madai imeacha mlango mwembamba: baraza likiwa lilikataa ushahidi uliostahili kupokelewa, au Mahakama yenyewe ikiuhitaji ili iamue, au kukiwa na sababu nyingine nzito. Kutomwita shahidi mliyekuwa mnamjua ni vigumu kupita hapo, na nisingependa utumie fedha zako kwa tumaini hilo.

Nguvu yako iko kwenye mwenendo. Hii ni rufaa ya kwanza, na jaji ana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote. Mimi nikipokea jalada, hukumu naiweka kando. Naanza ukurasa wa kwanza wa mwenendo, kalamu nyekundu mkononi, naandika kila shahidi kasema nini na ukurasa gani. Nikianza na hukumu, nitauona ushahidi kwa macho ya mwenyekiti. Mara nyingine shahidi wa upande wa pili amedodoswa akakiri kwamba migomba ya mpakani ilikuwapo kabla hajahamia, na hukumu haikugusa sentensi hiyo kabisa. Hapo nimepata sababu ya rufaa.

Katika mwenendo wako nitawatafuta pia wale wazee wawili. Maoni yao yalitakiwa kuandikwa na kusomwa mbele yenu kabla ya hukumu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, ikiketi hapa hapa Mbeya, ilisisitiza kwamba jambo hilo lionekane kwenye mwenendo; mwenyekiti kuyataja tu ndani ya hukumu hakutoshi. Kumbuka vizuri: je, mliitwa siku maoni yaliposomwa?

Kama hayakusomwa, usidhani umeshinda shamba. Kinachotarajiwa ni mwenendo na hukumu kufutwa, na shauri lisikilizwe upya: nauli, mashahidi, miezi mingine. Ila likianza upya, babu anaweza kuitwa, aapishwe, aseme alichokiona.