Nimeziba masikio ila duf duf bado naisikia, nifanyeje hotelini?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mwezi wa nane mimi na mume wangu tulikaa hoteli moja ya ufukweni Nungwi, chumba kizuri kinatazama bahari, ila baa ya jirani ikapiga mziki mpaka saa tisa usiku. Nikavaa vile vizibo vya masikio vya sponji, maneno ya nyimbo yakapotea lakini ile duf duf ikabaki, naona hata ilizidi. Nikapima na simu ikaniandikia 52, mume wangu akasema 52 ni ndogo hiyo, nalalamika bure. Desemba tunarudi na watoto wawili. Kwa nini vizibo havikusaidia, hiyo 52 maana yake nini, tuombe chumba gani, na ikitokea tena tunaweza kudai hela? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Pole sana dada. Mimi kazi yangu ni kufunga spika na kuzipima kwenye kumbi na mahoteli, kwahiyo hiyo besi iliyokunyima usingizi ni watu kama mimi ndo tunaiweka, acha basi nikueleze inavyosafiri.

Tuanze na shemeji. Namba kaisoma sawa, ila simu yako haikupima kile unachokisikia. Aplikesheni nyingi za kupima kelele zinatumia mizani ya A, utaona pameandikwa dBA, na mizani hiyo inafuata tabia ya sikio la mtu ambalo sauti nzito halizishiki vizuri, kwahiyo inazikata kabla ya kuhesabu. Sauti ya 63 Hz (mitetemo 63 kwa sekunde), ambayo ndo jirani kabisa na ile kiki ya ngoma kwenye mziki wa klabu, inapunguzwa desibeli 26 nzima, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Maana yake besi inaweza kuwa 70 na kitu humo chumbani na simu ikakuandikia 52 bila kudanganya. Siku nyingine ingia kwenye settingi ubadilishe kutoka A kwenda C, mizani ambayo besi haiikati hivyo, upime tena ukiwa umekaa palepale. Ikiwa C imeizidi A kwa desibeli 15 au 20 basi ujue shida yako ni besi, sio kelele kwa ujumla. Maiki ya simu sio kifaa cha maabara, ila hiyo tofauti inakutosha kujua unapambana na nini. Halafu hata hiyo 52 yenyewe sio ndogo, Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha kulala kisizidi 30 kwa kelele ya mfululizo, na kila desibeli 10 zinazoongezeka sikio linasikia kama sauti imekuwa mara mbili, kwahiyo wewe ulikuwa unalala kwenye kelele mara nne na ushee. Mwambie hivyo, atatulia.

Sasa vizibo. Vya sponji vinafanya kazi vizuri kwenye sauti nyembamba, maneno, vyombo, kiti kinachoburuzwa. Kwenye besi vinasaidia pia, lakini pale tu vikiwa vimeingia ndani kabisa na kubana pande zote, na watu wengi wanavichomeka nje nje, hapo kamwanya kadogo tu kanaipitisha besi kama hakuna kitu. Na kuona kama imezidi hujakosea, zile sauti nyembamba zilikuwa zinaifunika besi kidogo, ukiziondoa besi inabaki peke yake uwanjani. Namna ya kuvaa: kisokote kiwe chembamba kabisa, mkono mwingine uupitishe juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kiingize haraka afu kishikilie na kidole kama nusu dakika mpaka kivimbe. Ongea kidogo. Sauti yako mwenyewe ikisikika nzito inatokea ndani ya kichwa, hapo kimekaa. Ikisikika kawaida, toa urudie.

Hata ukivaa vizuri kuna sehemu ya besi inapita kwenye sakafu, kitanda na mifupa yako, hiyo kizibo hakiigusi. Ndo maana mimi nasema chumba ni muhimu kuliko chochote utakachonunua dukani.

Ukuta unazuia sauti kwa uzito wake, na kadri sauti inavyokuwa nzito ndivyo ukuta huohuo unavyozidi kushindwa. Ukuta wa tofali unajitahidi. Makuti hayazuii chochote cha maana, na pwani huku vyumba vizuri vya kupiga picha ndo hivyo vya makuti bila silingi, kwahiyo unafunga dirisha na pazia na kila kitu wakati juu yako pako wazi. Mlango nao uangalie. Ile milango ya Kizanzibari ya mbao yenye panda mbili inapendeza sana, ila pale katikati panapokutana panaacha ufa na chini panaacha mwanya, na kwenye kelele mwanya ndo bosi: tundu likiwa asilimia moja tu ya eneo, hata ukuta uwe wa zege mita nzima, punguzo linagotea kwenye desibeli kama 20. Sokota taulo uibane chini ya mlango. Haitaua besi ila maneno ya watu wa koridoni na mwanga wa taa vitapungua, na hiyo ni dakika moja ya kazi.

Minazi kati yako na baa isikudanganye, mstari mmoja wa minazi ni urembo tu. Kinachosaidia ni umbali na jengo zito katikati. Sehemu ya wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili unapata punguzo la desibeli kama 6, yaani spika inayopiga 95 ukiwa mita 10 inabaki kama 71 ukiwa mita 160. Kuhama chumba kimoja pembeni kwahiyo hakusaidii kitu, hama upande mwingine wa jengo ili zege lote likae katikati, hata kama utapoteza kuiona bahari. Kama mnatoka asubuhi na kurudi jioni, hiyo bahari ya dirishani mtaitazama saa ngapi?

Desemba upepo ni kaskazi, na mwezi wa nane mlikuwa kwenye kusi. Kwa kelele ya mbali, kuanzia umbali wa mita mia kadhaa, upepo una kazi kubwa, unaikunja sauti irudi chini upande inakoelekea. Kendwa iko kusini magharibi ya Nungwi, kwahiyo kwenye kaskazi mziki wa Nungwi unasukumwa kuelekea kule, na zile sherehe za mwezi mpevu za Kendwa upepo unaziondoa kwenu. Kwa baa iliyo mita 40 sahau habari za upepo. Ila angalieni kalenda, msije mkabuku Kendwa kwenyewe wikiendi ya mwezi mpevu afu mkashangaa.

Wakati wa kubuku wapigie au waandikie WhatsApp, usitegemee kile kisanduku cha maombi maalum maana wakati mwingine hakisomwi. Usiulize "je, kuna kelele", kila mtu atakwambia hapa kimya tu. Uliza vitu vyenye jibu: chumba kina silingi ya zege au makuti, jenereta iko wapi (umeme ukikatika saa nane usiku utaikumbuka), jukwaa la ile timu ya animesheni, wale wa kuburudisha wageni, liko upande gani na wanamaliza saa ngapi, chumba kina mlango wa ndani wa kwenda chumba cha pili? Huo mlango wa ndani ukataeni kama chumba cha pili sio cha watoto wenu, ndo sehemu dhaifu kuliko zote. Omba pia msikae juu ya jiko wala karibu na dobi na pampu ya bwawa, hao wanaamka mapema kuliko wewe. Adhana ya alfajiri siiweki kwenye hesabu, kijiji kilikuwepo kabla ya hoteli. Na komba akilia juu ya paa usiku kama mtoto mchanga, waambieni watoto mapema ni mnyama wa usiku tu, wataenjoi.

Mkishafika na besi ikawa ipo, jaribu hili kabla hujaita mtu. Besi inajikusanya kwenye kuta na kona, na katikati inapungua. Kwenye chumba cha upana wa mita 3 sauti ya 58 Hz inagonga kwa nguvu ukutani na katikati inakaribia kupotea, na kichwa cha kitanda kiko wapi? Ukutani. Zima taa, tembea taratibu chumbani usikilize, utashangaa kuna sehemu duf duf inapungua ghafla. Kitanda cha Kizanzibari hukisogezi peke yako, geuzeni tu mito, kichwa kiende miguuni, na kama kuna vijana wa zamu waombe wakivute nusu mita kutoka ukutani.

Baada ya hapo ndo ufunike. AC iweke kwenye feni tu spidi moja, sio auto, maana kompresa ikiwaka na kuzima hiyo yenyewe inakuamsha. Pangaboi ni nzuri zaidi. Sauti ya mvua kutoka kwenye simu inafunika maneno ila besi haiwezi, spika ya simu haina ubavu huo, hapo hedifoni zile zenye kuzima kelele ndo zinashinda vizibo, shida ni kulala nazo ubavu. Kwa watoto msitumie vizibo, wadogo wanavitoa na kuvila. Wawekeeni feni mbali na kitanda, na mmoja wenu asizibe masikio usiku.

Kuhusu hela. Hoteli haina mamlaka ya kuzima spika ya jirani, lakini inaweza kukuhamisha, kwahiyo nenda mapokezi usiku uleule, muombe meneja wa zamu, mwambie saa, kelele inatoka wapi na chumba gani unataka, afu rudia hayo hayo kwa ujumbe ili yabaki kwenye maandishi. Anayesubiri kulalamika siku ya kuondoka anapewa pole na juisi. Ukiwa ulishaandika kabla kwamba unataka chumba cha nyuma mbali na baa na wakakujibu sawa, hapo una pa kusimamia, omba punguzo la usiku ule uliokesha, sio safari nzima, hiyo watakusikiliza.