FUNDI ANAJIBU: Geji ya oili ya ndege imeanza kucheza, bosi anataka nifunge ya Fuso

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi kijana wa hapa Mtwara, Chikongola, nimesoma ufundi magari, na miezi minne hii namsaidia injinia anayehudumia ndege ndogo ya bosi wangu, Cessna 172 ya mwaka 1974. Sasa geji ya presha ya oili imeanza kucheza, sindano inapanda inashuka, na asubuhi ukiwasha inakaa sifuri kwanza ndo inanyanyuka. Injinia yuko Dar mpaka wiki ijayo. Bosi anasema geji ni geji tu, nikanunue ya Fuso mjini niifunge tusogeze siku maana Ijumaa anataka kwenda Kilwa. Inafaa? Na kama haifai, nieleze geji mpya inafungwaje nisiwe wa kushika tochi tu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na umefanya la maana sana kuuliza kabla hujashika spana. Nianze na Ijumaa: hiyo ndege isiruke. Geji ya presha ya oili ni chombo cha lazima kwenye ndege ya injini ya pistoni, na kazi yoyote pale lazima isainiwe na injinia mwenye leseni inayotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wewe huna hiyo leseni bado, bosi naye hana. Mwambie kwa heshima kwamba Kilwa kuna basi. Gari likikosa oili unapaki pembeni unapiga simu, lakini kutoka Mtwara kwenda Kilwa kwa ndege mkono wa kulia ni bahari na kushoto mikoko na pori, hapo utapaki wapi?

Ya Fuso haifai, na sababu zake zijue maana utaulizwa. Fuso ni umeme wa volti 24, ndege yenu ya 1974 ni ya volti 12, hapo tu imeshagoma. Halafu geji ya umeme inasoma ukinzani wa senda yake, kile kipimio cha presha kinachoitumia ishara kwa waya, na senda haziko sawa, kuna za omu (kipimo cha ukinzani) 10 mpaka 180, kuna nyingine zinaanza 240 zinashuka mpaka 33, yaani moja presha ikipanda namba inapanda na nyingine inashuka, sasa ukichanganya geji ya huku na senda ya kule sindano itakaa mahali pazuri kabisa ikikudanganya. Geji inayodanganya naiogopa kuliko geji iliyokufa, iliyokufa angalau unajua imekufa.

Tena 172 za umri huo geji yake haina umeme wowote. Kuna kibomba chembamba kinatoka kwenye injini kinaleta oili yenyewe mpaka nyuma ya dashibodi, na ndani ya geji kuna mrija bapa umepindwa kama herufi C, presha ikiingia ule mrija unataka kunyooka, kama mpira wa kumwagilia bustani uliojikunja ukafungua bomba, na huko kunyooka ndiko kunakovuta sindano. Aliyeubuni ni Mfaransa Eugène Bourdon, alipata hataza mwaka 1849 na mpaka leo tunautumia.

Kwa hiyo kabla ya kuilaumu geji, injinia akirudi mwanze na injini. Pimeni oili kwa stiki kwanza. Ikiwa sawa, mfungue ule mstari wa oili pale injini mfunge geji ya majaribio ambayo mna uhakika nayo, muwashe chini, msome. Kwenye injini ya Lycoming O-320 kama yenu, ikiwa sailensa, yaani inazunguka polepole bila kuvutwa moto, presha ya chini kabisa ni psi 25 (psi ndiyo namba za presha kwenye geji) na ikishapata moto kwenye mwendo wa kazi inakaa 60 mpaka 90. Geji ya majaribio ikitulia basi tatizo ni geji yenu au kibomba chake, labda kuna hewa, uchafu, au ungio limelegea. Nayo ikicheza, ndugu yangu geji yenu ilikuwa inasema kweli, tafuteni vali ya kupunguza presha kama imenasa uchafu, tafuteni pampu. Na hilo la sifuri asubuhi usilizoee, ukiwasha hesabu sekunde 30, presha haijapanda zima injini hapohapo, usingoje ya 31.

Sasa kufunga. Kitu kidogo kuliko vyote ndicho nakuomba uking'ang'anie: pale kibomba kinapotoka kwenye injini kuna nipo, yaani kiungio kifupi chenye thredi, yenye tundu dogo la kama milimita 1. Mafundi wa magari tukiiona tunadhani imeziba, wengine wanaitoboa na drili, USITOBOE. Oili yote ya injini hiyo haifiki hata lita 8, kibomba kikikatika angani bila hilo tundu inamwagika yote kabla rubani hajapata pa kutua, likiwepo inavuja polepole na anapata muda. Niliwahi kuona ndege iliyorudi na kibomba kimepasuka nyuma ya dashibodi, suruali ya rubani imelowa oili ya moto kuanzia magotini, viatu vinateleza kwenye pedali, lakini kwenye stiki oili bado ilikuwepo na injini ilikuwa nzima, ni lile tundu tu. Mpaka leo nikifungua mstari wa oili huwa naliangalia kwanza juani.

Kutoka injini mpaka kwenye ukuta wa chuma unaoitenga na rubani wekeni hosi laini ya ndege inayostahimili moto, sio kibomba cha shaba kilichonyooka, kwa sababu injini inatikisika na ukuta umetulia, shaba inakuwa ngumu kwa mtikisiko halafu inakatika shingoni. Kinapopita ukutani iwe nipo ya chuma, alumini ikishika moto inayeyuka. Mkiamua kuhamia ya umeme, kwanza iwe imeidhinishwa kwa ndege ya aina hiyo na karatasi zake zipo, pili senda msiibandike moja kwa moja kwenye injini maana ni nzito na inaivunja nipo, ifungeni ukutani muilishe kwa hosi. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji iacheni nyumbani, vipande vyake vinaingia kwenye oili na kuziba lile lile tundu, tena senda ya waya mmoja inapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi, kupitia thredi zake, ukizizungushia tepu umekata ethi.

Na hapo kwenu kuna chumvi. Ndege inayolala karibu na bahari ya Mtwara maungio yake ya shaba yanaota kutu ya kijani, ethi zinaliwa, geji ya umeme inaanza kuchezacheza na fundi anabadilisha geji mbili wakati kosa ni bolti moja chafu. Safisheni mpaka chuma king'ae.

Mkimaliza muwashe chini, muangalie uvujaji kila ungio huku ikiwa ya moto, muhakikishe rangi ya kijani na mstari mwekundu kwenye geji vinalingana na kitabu cha ndege, injinia aandike na kusaini. Rubani naye akumbuke: presha ikishuka huku joto la oili linapanda, tatizo ni la kweli, presha ikishuka joto limetulia huenda ni geji, lakini hata hapo atue uwanja wa karibu akaangalie.

SWALI: Mimi mvuvi, Lindi, Mitandi. Boti yangu ni dizeli, taa ya oili inawaka nikiwa sailensa tu, nikivuta moto inazima. Niiache?

JIBU: Usiiache kaka. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi na pampu ikizunguka polepole presha inashuka, kwa hiyo inaweza kuwa oili nyepesi kuliko inayotajwa na kitabu cha injini, oili iliyochoka, au beringi zimelika. Badilisha oili na filta kwanza, halafu mwambie fundi aitoe swichi ya taa afunge geji ya mrija pale pale asome namba. Usitoke nje ya ghuba kabla hajasoma, na ukinitumia hiyo namba pamoja na aina ya injini nitakujibu toleo lijalo.