Siku Ukurasa Unapochambwa: Kwa Wanaoanza Kusimamia Akaunti za Taasisi

Kila mwaka baada ya mahafali, vijana waliosomea uandishi wa habari au uhusiano wa umma huajiriwa na benki, hospitali, halmashauri, vyuo na mashirika yasiyo ya kiserikali, hukabidhiwa nywila za Facebook, Instagram, X na siku hizi TikTok, kisha huambiwa waanze kazi. Mafunzo wanayopewa huhusu upigaji wa picha, ratiba ya machapisho na idadi ya wafuasi inayotakiwa kufikia mwisho wa robo mwaka. Wasichofundishwa ni namna ya kufanya kazi siku ambayo watu maelfu wameikasirikia taasisi kwa wakati mmoja, na simu ya ofisi iko mkononi mwao. Nimeifanya kazi hii Dar es Salaam muda wa kutosha kuziona siku za namna hiyo zikija na kupita, na liko jambo moja ambalo ningependa mgeni alijue kabla ya mengine yote: ukurasa hauwezi kujibu jambo ambalo ofisi haijaliamua. Fedheha nyingi za mitandaoni ninazozikumbuka zilikua kwa sababu mtu asiye na mamlaka alijaribu kuziba pengo la uamuzi kwa maneno matamu.

Mifano mizuri ya kujifunzia iko kwa majirani zetu. Wakenya walio kwenye Twitter (mtandao ambao sasa unaitwa X), ambao hujiita KOT, yaani Kenyans on Twitter, walianzisha mwezi Machi 2012 hashtegi ya #SomeoneTellCNN, baada ya shambulio la maguruneti katika kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi kutangazwa na CNN kwa namna iliyomfanya mtazamaji adhani kwamba nchi nzima imo katika machafuko. Mwandishi wa kituo hicho aliyekuwa Nairobi, David McKenzie, aliomba radhi na mambo yakatulia. Mwezi Julai 2015, siku chache kabla ya Rais Barack Obama kuwasili Kenya, CNN hiyohiyo iliielezea nchi hiyo kuwa kitovu cha ugaidi. Hakuna aliyehitaji kubuni kitu kipya, kwa kuwa hashtegi ya 2012 ilikuwa bado inakumbukwa, ikarudi ikiwa na nguvu kuliko mara ya kwanza. Safari hii radhi ya mtandaoni haikutosha. Mwezi Agosti Tony Maddox, mmoja wa wakuu wa CNN International, alipanda ndege hadi Nairobi, akakutana na Rais Uhuru Kenyatta na kuomba radhi ana kwa ana.

Afisa mpya atazame ni nani aliyezungumza katika kila hatua. Maneno yaliyozua hasira yaliandikwa kwa ajili ya mtazamaji wa Marekani aliyetaka kujua usalama wa rais wake. Yaliposomwa na mtu anayepanda matatu kila asubuhi kwenda kazini Nairobi, yakawa tusi. Kosa kama hilo halisahihishwi na anayesimamia akaunti, hata awe na Kiingereza kizuri kiasi gani. Lilisahihishwa na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuamuru kichwa cha habari kibadilishwe, na umma ulielewa hivyo tangu mwanzo.

Mfano wa pili unaonyesha upande mwingine wa jambo hilihili. Tarehe 15 Januari 2019 magaidi walishambulia jengo la DusitD2, mtaa wa Riverside, Nairobi, na gazeti la New York Times likachapisha mtandaoni picha iliyoonyesha miili ya waliouawa. Wakenya waliuliza kama gazeti hilo lingewaonyesha hivyo Wamarekani waliouawa katika shule au kanisa, swali ambalo mpaka leo naliona kuwa la haki. Mwandishi wa gazeti hilo aliyehusishwa na habari ile alijibu kwamba uteuzi wa picha hufanywa na watu wengine katika chumba cha habari. Alisema kweli, kwani ndivyo magazeti makubwa yanavyofanya kazi, lakini jibu lile liliongeza moto, kiasi kwamba watu walianza kukusanya saini za kutaka afukuzwe nchini. Gazeti lenyewe lilitoa maelezo ya kutetea utaratibu wake, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likaingilia kati likitaka picha iondolewe. Aliyefiwa hana haja ya kujua mgawanyo wa kazi ndani ya ofisi yako. Anataka kumsikia mtu anayeweza kuiondoa picha, na kama mtu huyo hasemi, yeyote aliye karibu atasemwa kwa niaba yake.

Ndiyo maana kazi yako ya kwanza ukurasa unapoanza kuchambwa iko ndani ya ofisi, si kwenye kibodi. Tafuta kwanza ni idara gani inalimiliki jambo lenyewe na nani ndani yake anaweza kusema ndiyo au hapana. Mpelekee malalamiko kama yalivyoandikwa, pamoja na matusi yake, kwa sababu muhtasari wa heshima humfanya mkurugenzi adhani kwamba watu wanalalamika kidogo tu. Nimewahi kuwa katika taasisi ambayo wanafunzi walilalamika kwamba matokeo yao hayaonekani kwenye mfumo, na kwa siku nzima ukurasa ulijibu kila mtu kwa sentensi ileile: “Tunalifanyia kazi.” Hakuna aliyekuwa analifanyia kazi, maana mkuu wa idara husika alikuwa safarini na hakuna aliyempigia simu. Jioni sentensi ile ilikwishageuzwa kichekesho, ikawekwa juu ya picha za majengo mabovu na mabasi yaliyoharibika, na ilibaki kuwa mzaha juu ya taasisi ile muda mrefu baada ya matokeo kupatikana.

Kama uamuzi bado haujafanyika, yapo mambo matatu ambayo ukurasa unaweza kuyasema bila kudanganya: kwamba malalamiko yamefika, kwamba yako kwa nani, na kwamba taarifa inayofuata itatolewa saa ngapi. Saa hiyo ikifika utoe taarifa, hata kama ni ya kusema kwamba bado. Wakubwa wengi huogopa kutaja saa, na mara nyingi utalazimika kubishana nao kwa adabu mpaka wakubali. Mabishano hayo ni sehemu ya kazi, ingawa hayamo kwenye barua ya ajira.

Kabla ya kubishana na watu wa nje, hata hivyo, elewa namna mitandao yenyewe inavyoupenda ugomvi. Nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, zilionyesha kwamba kuanzia mwaka 2017 alama za hisia, ikiwamo ile ya hasira, zilipewa uzito mara tano ya ule wa alama ya kupenda katika kuamua chapisho lipi lionekane zaidi. Uzito wa alama ya hasira uliondolewa baadaye, mwaka 2020. Tangu 2018 kampuni hiyo pia iliyapa kipaumbele machapisho yanayozua mazungumzo mengi, na mabishano nayo ni mazungumzo. Kwenye X, uwezo wa kunukuu chapisho la mtu na kuweka maneno yako juu yake ulioletwa mwaka 2015 umefanya kila jibu la taasisi liweze kuondolewa mahali pake na kuonyeshwa kwa watu ambao hawakusoma lililotangulia. Kwa hiyo unapomjibu mtu mmoja mwenye kejeli, unampandisha jukwaani na kumpa hadhira ya wafuasi wako wote. Jibu swali linaloulizwa na wengi, mara moja, kwa chapisho lako mwenyewe, kisha uwaelekeze wengine huko.

Kuna hasira ya kweli na kuna hasira ya kununuliwa, na anayeanza kazi hujikuta akizichanganya. Mwezi Septemba 2021 utafiti uliofanywa chini ya Mozilla Foundation na Odanga Madung pamoja na Brian Obilo ulieleza jinsi hashtegi za kisiasa zilivyokuwa zikipandishwa kwa malipo nchini Kenya: maelekezo hutolewa kupitia makundi ya WhatsApp, washiriki hulipwa dola 10 hadi 15, na kampeni kadhaa zilizochunguzwa zilihusisha akaunti zaidi ya 3,700. Kwetu Tanzania tunawajua chawa, wanaolipwa ili wasifu au wamtetee mtu, na tuliopitia Instagram ya miaka ya Team Diamond na Team Kiba tunakumbuka jinsi kurasa za timu zilivyoweza kuvamia biashara yoyote iliyomtumia msanii wa upande wa pili. Dalili za hasira ya kupangwa huonekana kwa anayetulia: maneno yaleyale yanayorudiwa neno kwa neno, akaunti nyingi zilizofunguliwa karibuni, wote wakianza dakika moja na kunyamaza dakika moja. Mtu mwenye malalamiko ya kweli huja na namba ya risiti, tarehe, na jina la tawi.

Hata hivyo, naomba mjihadhari na wakubwa wanaolipenda mno neno “wamelipwa”. Kiongozi aliyezidiwa na lawama hutamani sana kusikia kwamba wote ni wa kununuliwa, na afisa mpya anayetaka kupendwa atamletea habari hiyo. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya walipoupinga Muswada wa Fedha kwa hashtegi ya #RejectFinanceBill2024, wapo waliodhani kwamba ni kelele za mtandaoni tu. Namba za simu za wabunge zikasambazwa ili wananchi “wawasalimie”, na simu na ujumbe zikawamiminikia. Tarehe 25 Juni waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini muswada ule. Mapema Julai rais huyohuyo aliingia kwenye mazungumzo ya sauti ya X kuwasikiliza vijana moja kwa moja. Sijadili hapa siasa za jambo lile. Ninachosema ni kwamba ofisi iliyokuwa imeziandika hashtegi zile katika ripoti yake kuwa ni za kulipwa ilimpotosha mkuu wake wakati alipohitaji ukweli kuliko siku zote.

Suala la kufuta machapisho huulizwa sana, na jibu langu ni fupi. Futa kinachodhuru mtu, kama picha ya mgonjwa, jina la mtoto au namba ya simu ya mteja, tena bila kusubiri ruhusa ya kikao. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ile ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakuweka upande salama. Kisichodhuru mtu ila kinaaibisha taasisi, kiache, uweke masahihisho chini yake. Picha za skrini zimekwisha kupigwa, na chapisho lililofutwa kimyakimya huanza kusambaa upya likiwa na maelezo kwamba lilifutwa. Wala usifute maoni ya watu kwa sababu ni makali. Weka kanuni za ukurasa mahali zinapoonekana, na ufute kwa kuzifuata hizo tu.

Sheria nazo zisome mwenyewe, usitegemee kusimuliwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo, na faini yake haipungui shilingi milioni tano. Kenya nayo ilitunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, iliyopitishwa ikiwa na vifungu vinavyofanana na hivyo. Sheria hizi zimelaumiwa sana na watetezi wa uhuru wa kujieleza, nami sioni kwamba wamekosea. Lakini kwa afisa wa ukurasa maana yake ya kila siku ni nyepesi: habari uliyoisambaza kwa sababu ilikuwa inatrendi ni yako, na kusema kwamba uliipata kwenye kundi la WhatsApp hakukuondolei mzigo. Na usikubali kuitumia sheria kama fimbo. Taasisi inayomtishia mteja kwa polisi kwenye sehemu ya maoni huwa imehamisha mjadala kutoka kwenye bili ya maji hadi kwenye uonevu, na hapo watakuja watu ambao hawajawahi kuwa wateja wake.

Kuhusu nywila, mwezi Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi la Tanzania ilidukuliwa na kutumiwa kusambaza maudhui machafu, na mwezi huohuo mtandao wa X ukawa haupatikani nchini. Kama chombo cha dola kinaweza kuporwa akaunti, usidhani kwamba hospitali ya wilaya iko salama kwa sababu hakuna anayeijali. Washa uthibitisho wa hatua mbili, namba inayopokea msimbo iwe ya ofisi, isiwe ya mtumishi atakayehama, na orodha ya wenye ruhusa ipitiwe kila mtu anapoondoka. Akaunti yako binafsi iwe kwenye simu nyingine kabisa. Machapisho ya usiku wa Jumamosi yaliyokusudiwa kwa marafiki na yakatokea kwenye ukurasa wa shirika ni mengi kuliko watu wanavyodhani.

Mwisho, fungua daftari la migogoro, na likabidhiwe kwa anayekurithi pamoja na nywila. Humo andika jambo lilianzaje, nani aliamua nini na saa ngapi, ahadi gani ilitolewa hadharani na kama ilitimizwa. CNN ya 2015 ilikumbushwa ya 2012 na watu wa nje walioyahifadhi maneno yake, na wateja wa taasisi yako nao wanahifadhi. Ahadi ya “kabla ya mwezi wa sita” uliyoiandika mwaka huu itarudishwa mwakani ikiwa na tarehe yake, na huenda wewe umekwishahamia ofisi nyingine. Kijana atakayekuwa na simu siku hiyo anahitaji kuikuta imeandikwa, pamoja na jina la mkurugenzi aliyeiidhinisha.