Muulize Fundi: Yule mama anayesoma tarakimu redioni

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, Dodoma. Juzi nilikuwa napekua masafa mafupi kupitia redio ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi. Nikamkuta mwanamke anasoma kwa Kihispania tarakimu tano tano, halafu mlio kama wa modemu ya zamani, halafu tarakimu tena. Wenzangu wanasema ni majasusi. Kama kila mtu anasikia, kwa nini kompyuta kubwa zisilifumbue fumbo hilo? Na nani ahangaike na redio wakati WhatsApp ipo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako hawajakosea. Kwa ulivyoeleza, umeangukia kituo ambacho wasikilizaji wa masafa mafupi wanakiita HM01, cha Kuba.

La WhatsApp ndilo jepesi. Ujumbe wa simu hata uufungie kwa kufuli gani, simu inaacha nyayo: namba, saa, mnara uliokushika. Redio inapokea tu. Anayesikiliza hajulikani, awe Miami au kijijini kwa bibi yako. Wimbi linapanda, linadunda kwenye ionosfea, tabaka la juu la angahewa, linarudi ardhini maelfu ya kilomita mbali, na anayelisubiri hahitaji zaidi ya redio ya dukani na waya wa mita chache dirishani.

Sasa fumbo lenyewe. Chukua kalamu. Tuseme kwenye kitabu cha misimbo “tukutane Jumanne” ni 20481. Jasusi na mkuu wake wana vijitabu pacha vilivyojaa tarakimu zisizo na mpangilio wowote, na ukurasa wa leo unaanza na 73915. Mkuu anajumlisha tarakimu kwa tarakimu, bila kubeba: 2 na 7 ni 9, 0 na 3 ni 3, 4 na 9 ni 13, anaandika 3 tu, 8 na 1 ni 9, 1 na 5 ni 6. Hewani mama anasoma 93396. Jasusi anatoa 73915 kwa mtindo uleule, na pale ambapo 3 haitoshi kutoa 9 anajikopesha kumi ya bure, asiilipe. Anapata 20481. Ukurasa anauchoma.

Wewe na kompyuta yako mnajaribu funguo zote 100,000, yaani kila tarakimu tano zinazoweza kuwa kwenye ukurasa wa leo. Ile 73915 mtaifikia, sikatai. Lakini mtaifikia pia 48841, inayowapa 55555, na huenda hiyo ni “usije kabisa”. Mtapata kila ujumbe unaoweza kuandikwa kwa tarakimu tano, wa kweli na wa uongo umevaa sare moja, na mashine haina pa kushika kuwatenganisha. Mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alichapisha uthibitisho wa kihisabati wa jambo hili mwaka 1949. Kasi haihusiki hapa, kwa hiyo hata ile kompyuta ya kwanta unayotaka kunitajia haisaidii.

Ila ufunguo lazima uwe wa nasibu kwelikweli, uwe mrefu kama ujumbe, na utumike mara moja basi. Wasovieti, vita vikiwa vimewabana mwaka 1942, walichapa maelfu ya kurasa za funguo mara mbili. Wamarekani wakagundua marudio hayo, wakakaa miaka mingi wakisoma vipande vya barua za siri za Moscow. Mradi huo uliitwa Venona.

Kuba nako walikwama kwa binadamu. Ana Belén Montes alikuwa mchambuzi wa ujasusi wa kijeshi wa Marekani, huku akiitumikia Havana. Alikuwa na redio ya Sony na kompyuta ya Toshiba: anasikiliza tarakimu, anaziingiza, programu inamfumbulia. Aliagizwa afute diski kila akimaliza. Hakuifuta sawasawa. Mwaka 2001 FBI, makachero wa Marekani, waliipekua kompyuta hiyo wakakuta makundi 150 ya tarakimu tano tano yanayoanza 30107 24624, tarakimu zilezile, kwa mpangilio uleule, zilizosomwa hewani tarehe 6 Februari 1999 kwenye kilohezi 7887 na mwanamke aliyeanza kwa “¡Atención! ¡Atención!” Alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Mawimbi hayakumsaliti, ni faili alizoziacha mezani kwake.

Mimi niliyempenda ni mwingine, yule wa Waingereza aliyekuwa akirushwa kutoka Akrotiri, Kupro. Kwenye zamu ya usiku tulikuwa tunamnasa: kwanza kipande cha wimbo wa kienyeji wa Lincolnshire, mara nyingi mno hadi unakera, halafu sauti ya kike inasoma makundi 200, kila tarakimu ya tano ikipandishwa kidogo kana kwamba anauliza. Alinyamaza mwaka 2008.

Ukitaka kuendelea, fungua tena Twente usiku, weka kilohezi 4625, chagua USB badala ya AM (hapa ni aina ya upokeaji kwenye redio, si ile ya kuchomeka kwenye kompyuta). Utasikia mlio mfupi unaojirudia kama mara 25 kwa dakika. Ni wa Urusi, na wengi tunauhesabu kuwa wa jeshi, si wa majasusi. Mara chache mlio hukatika, mwanaume akasoma majina na tarakimu kwa Kirusi. Weka daftari karibu, maana hakupi taarifa anapoanza.